Kwa nini Benki Kuu isichapishe noti tukalipa deni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya biashara ya viazi Makambako. Kwenye kundi letu la WhatsApp imezunguka sauti inayosema deni la nje la Tanzania likigawanywa kwa kila mtu, hata mtoto mchanga anadaiwa zaidi ya milioni. Dada yangu kashikwa na hofu, anataka kutoa akiba yake benki. Mimi nauliza: Benki Kuu si ina mamlaka ya kuchapisha noti? Kwa nini tusilipe tukapumzika?

Jibu: Marahaba. Dada aache hela zake zilipo. Deni la Serikali linalipwa na Hazina, haliendi kwenye akaunti ya mtu.

Hilo la kuchapisha noti ndilo linalonichosha. Nalisikia darasani, nalisikia kwenye daladala za Uyole. Benki Kuu inachapisha shilingi, ila anayetudai huko nje anataka dola, yuro au yuani. Ukichapisha, bado itabidi uzipeleke zikanunue dola kwa walionazo: wauza parachichi wa Rungwe, chai ya Mufindi, dhahabu, utalii. Shilingi zikiongezeka na dola ni zilezile, bei ya dola inapaa. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Deni la dola 100 likatoka shilingi 230,000 hadi 260,000 bila kukopa hata senti. Na dizeli ya lori linalobeba viazi vyako inanunuliwa kwa dola hizohizo.

Waulizeni wanaovuka Tunduma. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwenye hatifungani moja, yaani hati ya mkopo iliyowauzia wawekezaji. Kwacha wanachapisha wenyewe. Hatifungani ile ilidai dola.

Na huku kugawa deni kwa vichwa ni sawa na kuuliza bei ya gunia bila kuuliza kama ni lumbesa. Mkopo nafuu wa Benki ya Dunia hulipwa kwa miaka zaidi ya 30, na miaka ya mwanzo hugusi deni lenyewe. Mkopo wa kibiashara unaweza kukubana ndani ya miaka saba, riba ikipanda na soko. Kwa hiyo tunatazama malipo ya mwaka: kwa nchi zenye uwezo wa kati wa kubeba deni, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia huweka ukomo wa asilimia 15 ya mauzo ya nje na 18 ya mapato ya ndani. Mtu akikutajia jumla tu, bila sarafu, riba wala muda, hajakwambia kitu.

Hizo sauti zisikilizeni hadi mwisho. Niliyoletewa na mwanafunzi wiki iliyopita ilimalizia na namba ya simu ya jamaa wa Mwanjelwa anayewageuzia watu akiba ziwe dola "kabla mambo hayajaharibika", kwa bei ya juu kuliko benki. Kubadilisha fedha bila leseni ni kosa, na akikubambikia noti bandia, polisi wataanza kukuuliza wewe ulizipata wapi.