Kabla ya mvua ya kwanza, tazama chini

Wengi tunaingia kwenye kazi ya misitu ya savana tukiwa tumezoeshwa kutazama juu: urefu wa mti, unyoofu wa shina, afya ya matawi. Miaka yangu ya mwanzo nilipima vipenyo kwa bidii huku nikikanyaga majani makavu ambayo sikuyaandika popote kwenye daftari. Kama ningepewa nafasi ya kukuachia neno moja tu wewe unayeanza, lingekuwa hili: nenda msituni wiki moja kabla ya mvua za kwanza, uone ardhi imefunikwa kiasi gani. Ziara hiyo imenifundisha zaidi ya ziara nyingine zote za mwaka.

Fikiria jinsi misimu inavyofuatana. Miti mingi ya savana hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo tandiko la majani huwa nene kuelekea mwisho wake. Kipindi hichohicho nyasi zimekauka kabisa na moto kichaa huwaka kwa ukali wake wote. Kisha, bila kukawia, huja mvua za ngurumo. Tone kubwa la mvua hutua kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Likikuta jani, nguvu yake inaishia hapo na maji yanapenya taratibu. Likikuta udongo mtupu, linavunja bonge, chembe laini zinaziba vitundu, na jua likitoka unabaki ukoko mgumu. Mvua inayofuata inateleza juu ya ukoko huo hadi bondeni. Miche ikinyauka katikati ya masika, watu husema mvua ilikuwa chache, kumbe maji yalipita tu.

Usidanganywe na kivuli. Hili lilinichukua muda kulielewa, na nimelishuhudia kwenye shamba la mitiki lililokuwa likichomwa kila mwaka. Ukitazama juu, kijani kitupu. Ukitazama chini, mizizi imeachwa wazi, na kokoto zimekaa kila moja juu ya kinara chake kidogo cha udongo. Majani mapana ya mtiki hukusanya matone madogo yakawa makubwa, na yakidondoka kutoka mita 10 hivi hufika ardhini yakiwa na karibu mwendo wote wa tone la mvua. Pasipo tandiko chini, mti wenyewe unageuka kuwa chanzo cha mmomonyoko. Ukiviona vinara hivyo, chukua rula upime urefu wake: hicho ndicho kimo cha udongo uliokwisha kuondoka pembeni. Milimita 1 tu katika hekta nzima ni mita za ujazo 10, zaidi ya tani 12 kwa udongo wa kawaida.

Na udongo wenyewe hauna akiba ya kupoteza. Sehemu kubwa ya savana ina mchanga mwingi, au mfinyanzi wa aina ya kaolini ambao hushika virutubisho kidogo sana. Ghala ni mboji, na mboji hutokana na majani hayo na mizizi inayokufa. Yakiungua, naitrojeni nyingi inapanda na moshi. Fosforasi, potasiamu na kalsiamu hubaki kwenye majivu, ndiyo maana nyasi huchipua vizuri baada ya moto na wageni wa kazi hii hudhani ardhi imerutubishwa. Subiri mvua kubwa kwenye mteremko uone majivu hayo yanaelekea wapi.

Sisemi moto upigwe marufuku kila mahali, na ningependa usiingie kazini na msimamo huo. Mwaka 1933 yalianzishwa majaribio ya moto karibu na Ndola, katika nchi tunayoiita leo Zambia, kwenye msitu wa miombo. Maeneo yaliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi yaligeuka kuwa nyasi na miti michache, na yale yaliyokingwa kabisa yakafunga kuwa msitu mnene. Yaliyochomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, yalibaki na hali ya katikati. Ukitazama kalenda utaona sababu mojawapo: moto wa mapema hupita nyasi zikiwa bado na unyevu, unaunguza kwa mabaka, na majani mengi ya miombo bado yako mtini. Yanakuja kuanguka baadaye, ardhi ikafunikwa tena kabla ya mvua. Moto wa mwisho wa kiangazi hauachi nafasi hiyo. Kwa upande mwingine, tandiko likirundikana miaka mingi bila njia za kuzuia moto, siku moja litaungua lote pamoja na miti. Safisha njia hizo hadi udongoni, lakini ndani ya shamba usifagie.

Majani nayo hayafanani. Yenye kaboni nyingi kuliko naitrojeni, kama ya misonobari na mikaratusi, huoza polepole, hufunika muda mrefu na kulisha udongo kidogo kidogo. Ya migunga ni membamba na yana naitrojeni nyingi. Yanaoza haraka, yanalisha vizuri, ila usiyategemee yafunike ardhi masika yote. Kuna kosa moja hurudiwa hata na wasomi: kudhani kila mti wa jamii ya mikunde unarutubisha kwa naitrojeni. Brachystegia na Julbernardia, miti mikuu ya miombo, ni mikunde, lakini haina mizizini vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Inaishi kwa kushirikiana na kuvu, na majani yake huoza taratibu.

Kupima si kazi ngumu. Tembea hatua 100, kila hatua uangalie ncha ya kiatu imegusa nini: jani, nyasi, jiwe au udongo mtupu. Ukihesabu, una asilimia ya ardhi iliyofunikwa. Kwa uzito, tupa fremu ya sentimita 50 kwa 50, kusanya majani yaliyomo, kung'uta mchanga wote, kausha kwa nyuzi 65 hadi 70 mpaka uzito usibadilike. Gramu 150 kwenye fremu hiyo ni tani 6 kwa hekta. Mchanga usipokung'utwa utakupa tani za uongo, na kwenye savana mchanga hushika kila kitu.

Kasi ya kuoza ndiyo iliyonitia aibu. Nilijaza majani kwenye mifuko ya wavu wenye vitundu chini ya milimita 1, nikaiweka ardhini, nikawa naipima kila mwezi. Nikaandika kwamba majani ya eneo lile huoza polepole sana. Mwenzangu mmoja aliinua jani lililokuwa kando ya mfuko wangu: lilikuwa limebaki mishipa mitupu, limepakwa udongo. Mchwa walikuwa wakifanya kazi kote isipokuwa ndani ya mifuko, kwa kuwa niliwafungia nje. Tangu hapo natumia mifuko ya aina mbili, yenye vitundu vidogo na yenye vitundu vya milimita 5 hivi, na tofauti kati yake hunionyesha kazi ya mchwa. Hiyo ya vitundu vikubwa huangusha vipande ukiinyanyua, kwa hiyo ibebe kwenye bahasha, kila mmoja na yake.

Mchwa hao hao huchimba njia zinazopitisha maji kwenye ukoko. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso, aliwaalika makusudi: alichimba mashimo madogo kwenye ardhi iliyokufa, akatia samadi na majani, mchwa wakaja kuilegeza, na baada ya miaka mingi pakasimama msitu. Kwa hiyo ukikuta jani lililopakwa udongo na mchwa, usikimbilie dawa. Linyanyue polepole, uangalie kama kuna tundu chini yake, kisha mimina kikombe cha maji hapo, na kingine hatua moja pembeni kwenye udongo mtupu. Hesabu sekunde.