Usiulize nani ameshinda, uliza ni ukurasa gani

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Jinja, swali lako nimelisoma kwa makini kwa sababu ni jambo ninaloishi nalo. Umesema kwamba unaandika hadithi za Kiswahili, kwamba kila anapotangazwa mshindi wa tuzo aliye wa rika lako kutoka Dar es Salaam au Nairobi unaiweka rasimu kando kwa majuma, na kwamba sasa unafikiria kuhamia Kiingereza kwa kuwa waandishi wa Uganda wanaosifika duniani huandika kwa Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari hapa Mbale, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika hadithi fupi na vitabu vya wanafunzi usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Nitakueleza yaliyonisaidia mimi.

Sitakwambia uache kujilinganisha, kwa sababu moyo hauamrishwi hivyo. Nitakwambia ujiulize jambo moja kila unapohisi uchungu huo: katika kazi ya mwandishi huyu, ni ukurasa gani ambao ningependa niwe nimeuandika mimi? Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye ualimu alichapishiwa riwaya nchini Tanzania, na habari hiyo ilinikaa kifuani kwa muda mrefu. Nilipoitafuta riwaya yenyewe na kuisoma kwa swali hilo, nilizipata kurasa chache za majibizano kati ya mama na mwanawe ndani ya basi la usiku, ambamo msimulizi haelezi hata mara moja kwamba mmoja amekasirika au ameumia, lakini msomaji anayajua yote. Nilizinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, nikaona jinsi anavyomwacha mhusika ajibu swali jingine badala ya lile aliloulizwa. Kisha nikarudi kwenye hadithi yangu na kufuta kila sentensi iliyokuwa ikimtafsiria msomaji hisia za wahusika. Hadithi ilipungua sana kwa urefu, na ndiyo kazi yangu ya kwanza ambayo mhariri aliipokea bila kuirudisha.

Picha ya mwenzangu akikabidhiwa nakala za kwanza za kitabu chake, kwa upande mwingine, haikuwa na chochote cha kunifundisha. Ukilitafuta jibu la swali hilo na usipate ukurasa wowote, basi unachokitamani si uandishi wake bali ni hali zilizomzunguka, na hali hizo inafaa uzitazame kwa macho makavu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naona vijana wetu wengi wanajihukumu bila kuijua historia yao. Mwandishi wa Dar es Salaam unayemtazama amesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, amesikia mahubiri, mpira na taarifa za habari kwa Kiswahili, na akichapisha hadithi gazetini, jirani yake anaisoma. Wewe nyumbani umezungumza Lusoga na darasani umefundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kwetu kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya serikali ya Idi Amin, na watu wengi wa rika la wazazi wetu walikijua kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, jambo lililokifanya kiogopwe kwa muda mrefu. Katiba ya 1995 ilikitaja Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi. Kiswahili kiliingizwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005. Ni mtaala mpya wa 2020 uliokifanya kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na ni Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo wasomaji ambao mwenzako amewakuta, wewe unawalea. Huwezi kupima kazi hizo mbili kwa kipimo kimoja, na ukifanya hivyo unajidhulumu, tena unawadhulumu wanafunzi wa hapa ambao wanahitaji hadithi za Kiswahili zenye Mto Nile, stendi ya Mbale na mashamba ya kahawa ya Mlima Elgon ndani yake.

Halafu kuna suala la wakati. Jennifer Nansubuga Makumbi, mwandishi wa riwaya wa Uganda ambaye jina lake hutajwa kila tunapozungumza habari hizi, alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kwenda Uingereza mwaka 2001. Mswada wa riwaya yake Kintu ulikataliwa na wachapishaji wa huko, ukashinda shindano la miswada la Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2013, ukachapishwa 2014, na ilipofika 2018 ndipo alipopewa tuzo ya Windham-Campbell ya dola 165,000. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana katika miaka ya 1960, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987, akapata Nobeli 2021, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa akifundisha chuo kikuu. Tangazo la ushindi halionyeshi miaka hiyo, nawe unaposoma tangazo unaweka rasimu yako ya mwaka huu mbele ya kazi ambayo mtu ameibeba nusu ya maisha yake.

Umeuliza pia utajuaje kwamba unaendelea mbele ikiwa hujipimi kwa wenzako. Mimi huhifadhi rasimu zote, pamoja na zile mbovu, na kila likizo ya mwisho wa mwaka huisoma moja ya zamani kwa sauti. Kinachonikwaza ndani yake kinanionyesha nilichojifunza tangu hapo. Kipimo kingine ni wasomaji nilio nao karibu. Nikiwasomea wanafunzi hadithi mpya bila kuwaambia ni ya nani, huweka alama pembeni mwa ukurasa pale wanapoanza kugeukageuka, na alama hizo zimeniongoza kuliko sifa yoyote. Sifa za mtandaoni nazisoma kwa tahadhari, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kama huna darasa, tafuta watu wachache wa kusomeana. FEMRITE, chama cha wanawake waandishi kilichoanzishwa Kampala katikati ya miaka ya 1990, kimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya vikao vya namna hiyo vya kusomeana na kukosoana, na vikundi vidogo vya mfano huo vinaweza kuanzishwa Jinja bila shilingi nyingi.

Tuzo usizikwepe. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea miswada ya Kiswahili, na ingawa washindi wengi wametoka Tanzania na Kenya, hilo linaeleza zaidi idadi ya waandishi wa Kiswahili waliopo huko kuliko uwezo wako. Peleka mswada uliohaririwa, kisha anza hadithi nyingine juma hilohilo, ili siku matokeo yatakapotoka uwe na kazi mkononi inayokungoja.

Kuhusu kuhamia Kiingereza, sina ugomvi na mtu anayeandika kwa lugha hiyo kwa sababu hadithi yake imemjia kwa lugha hiyo. Lakini wewe umesema wazi kwamba sababu yako ni umaarufu wa wengine, na kwa sababu hiyo nakushauri usihame sasa. Kwa Kiingereza utaingia kwenye uwanja wenye waandishi wengi zaidi wa kujilinganisha nao, ukiwa na lugha ambayo, kwa maelezo yako mwenyewe, hukuichagua kwa mapenzi. Maliza kwanza ile hadithi uliyoitaja ya wavuvi wa Masese. Ukiimaliza, nitumie sura ya kwanza nami nitaisoma nikiwa na kalamu mkononi, na nitakuandikia ni ukurasa gani katika hiyo ambao ningependa niwe nimeuandika mimi, na ni upi unaohitaji kuandikwa upya.