Sephiroth hakuzaliwa na chuki

Hapana mdogo wangu, Sephiroth, adui mkuu wa gemu la Final Fantasy VII (1997), hakuchoma kijiji cha Nibelheim kwa sababu "ni katili tu", kama vijana wanavyobishana kwenye banda la gemu huku Majengo. Angalia alivyolelewa. Kampuni ya Shinra walimkuza awe silaha, akaambiwa mama yake anaitwa Jenova na alishafariki. Baba yake, mwanasayansi Hojo, yumo humo humo kazini na hamwambii kitu! Sasa anaingia kwenye kinu cha nishati cha Shinra pale Nibelheim, anakuta jina la Jenova limeandikwa juu ya mlango, na ndani ya matangi kuna watu waliogeuzwa mazimwi. Anajiuliza: na mimi je? Akajifungia maktaba ya chini ya jumba la Shinra pale kijijini, anasoma tu, hatoki. Na makabrasha yenyewe yana kosa: Profesa Gast, mtafiti wa Shinra, alidhani Jenova ni wa Cetra, kabila la kale la sayari ile, kumbe ni dubwana lililotoka angani. Basi jamaa akajiona mrithi halali wa sayari aliyesalitiwa na binadamu. Hana hata shangazi wa kumvuta pembeni. Ila kwa kumuua Aerith, yule binti wa upande wa mashujaa, mimi simsamehi, hata kidogo.