Usihesabu lita, hesabu protini

Nimesoma swali la wiki hii, kwamba familia isiyokula nyama ifanyeje ipate maziwa ya soya bila kufilisika, na najua wengi watajibu tafuta duka lenye bei ya chini, basi. Mi naona tuanze kwingine. Kabla hujauliza lita moja inauzwaje, uliza kwanza ndani ya hiyo lita umeuziwa nini.

Geuza boksi usome ule mstari wa protini kwa kila mililita 100. Maziwa ya soya ya maana yana kama gramu 3 hivi au zaidi kidogo, hapo yanakaribiana na ya ng'ombe. Ukikuta gramu 1 na ushee hayo ni maji yaliyopakwa rangi, na hata kama yanauzwa nusu ya bei ya mwenzake hapo pembeni bado umepigwa, maana mtoto itabidi anywe glasi mbili mpaka tatu kupata kile angepata kwenye glasi moja ya lile boksi mnaloliita ghali. Mtu anayekula nyama hatojali sana, protini yake inatoka kwingine, ila nyie mnataka hayo maziwa yabebe mzigo. Soma na orodha ya vilivyomo pia, kwa kawaida kinachotangulia ndio kimewekwa kwa wingi, sasa ukiona sukari imeitangulia soya rudisha boksi ulikolitoa.

Haya, sasa njia ya bei nafuu kuliko zote ni kununua soya kavu utengeneze mwenyewe, hakuna boksi litakaloshindana na hiyo. Robo kilo inatoa kama lita 2 za maziwa mazito ya kueleweka, kwahiyo kilo nzima ni kama lita 8, piga hesabu mwenyewe kwa bei ya hapo ulipo. Unaloweka usiku kucha, masaa 8 mpaka 12, asubuhi unamwaga yale maji na kusuuza, unasaga kwenye blenda na maji mengine, unachuja kwa kitambaa safi unakamua mpaka mikono iume, alafu unachemsha.

Wengi wanajaribu mara moja wanaacha, wanasema yananuka ubichi, watoto hawataki hata kuonja. Ule ubichi una sababu yake. Ndani ya soya kuna kimeng'enya ambacho kinaamka pale tu punje inapopondwa ikakutana na maji na hewa, kinashambulia mafuta ya soya na ndipo ile harufu inapotoka, na ikishatoka huitoi kwa sukari wala vanila. Dawa yake ni moto mapema: saga na maji ya moto kabisa, yaliyotoka kuchemka, sio ya bomba, kwasababu moto unakiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Angalia tu blenda yako inahimili maji ya moto, usiijaze, na mfuniko uache mvuke upate pa kutokea la sivyo utaoga soya.

Kwenye kuchemsha usiondoke jikoni. Povu linaanza kupanda mapema, maziwa hata hayajachemka sawasawa, unaona yanataka kufurika unazima moto ukijua tayari, kumbe bado mabichi. Punguza moto, koroga mpaka chini maana yanashika sufuria haraka, povu likishatulia yaache yatokote taratibu dakika 15 hadi 20. Hapo sio suala la ladha tu, soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuvunja protini, na bila moto wa kutosha unakunywa protini ambayo mwili hauipati vizuri, tena tumbo litakusema usiku. Yakipoa weka friji, siku 3 hivi yawe yameisha.

Ila kuna kitu maziwa ya nyumbani hayana na lazima niseme. Yale ya boksi mengi yanaongezewa kalsiamu na vitamini, yako hayajaongezewa kitu, kalsiamu yake ni ndogo na vitamini B12 haimo kabisa. Kama mnakula mayai na maziwa ya ng'ombe au mtindi hamna presha, ila kama hamgusi chochote cha mnyama basi B12 itafutwe kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, hapo sio pa kubana matumizi. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe maziwa ya soya ya kawaida badala ya ya mama, yawe ya boksi au ya kwako, yale maziwa maalumu ya watoto wachanga yanayotengenezwa kwa soya ni kitu kingine kabisa.

Kwahiyo mi ningegawa. Ya nyumbani yaende kwenye chai, uji na kupikia, huko ndiko lita zinakoteketea, alafu boksi lililoongezewa kalsiamu liwe la glasi ya watoto tu, na litikiswe vizuri kabla ya kumimina sababu kalsiamu huwa inatuama chini, wapo wanaoitupa na boksi kila siku bila kujua. Maboksi yale yasiyohitaji friji mpaka yafunguliwe yanakaa miezi, nunueni katoni na majirani mgawane, mkiangalia tarehe.

Machicha ya soya yanayobaki kwenye kitambaa msitupe, bado yana protini na nyuzi za kutosha, changanyeni kwenye unga wa mkate. Ila yatumike siku hiyohiyo au yagandishwe, yanachacha haraka kuliko maziwa yenyewe.