Vizuia matangazo vitano, bando bado linaisha

SWALI: Shikamoo mama. Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Kivinjari cha dukani nimekiwekea viendelezi (programu ndogo za kukiongezea uwezo) vitano vya kuzuia matangazo, na kimoja cha mapambo kinachotaka kusoma tovuti zote. Kompyuta inajikongoja, na bando bado linaisha. Nibakize kipi?

JIBU: Marahaba. Vitano vya nini, mwanangu? Vinakanyagana tu. Ondoa vyote, weka kizuia matangazo kimoja tu, uBlock Origin, kwenye kivinjari cha Firefox, ni bure. Chrome siku hizi inapokea uBlock Origin Lite, yenye nguvu pungufu. Hakikisha mtengenezaji ni Raymond Hill, maana waigaji wapo. Hicho cha mapambo (mapambo, kweli?) kitoe leo: kwa ruhusa hiyo kinaweza kuona hata nywila za wanafunzi wanaojaza maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) hapo kwako.