Kamera Niliyoiwasha Mwenyewe: Kwa Msanii Anayetaka Kuonyesha Hofu

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msanii kijana anayeandaa maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Anataka kujenga chumba kuhusu watu waliochukuliwa usiku wasirudi, na aliniarifu kwamba amekwisha kusanya picha za maiti, sauti za wafiwa na kamera sita za ulinzi ambazo zitamrekodi kila mgeni bila mgeni huyo kujua. "Mwalimu," aliandika, "nataka wakitoka humo wasipate usingizi. Nianzie wapi?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, na kila mara niliona mwandiko wangu mwenyewe, kwa kuwa miaka michache iliyopita niliandika maneno yanayokaribiana na hayo katika daftari langu la kazi. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wenu mnaonisoma mna azma hiyohiyo, na kwa sababu niliyoyatenda mimi yamenifundisha zaidi ya yale niliyoyasomea.

Wakati ule nilikuwa nimefahamiana na mama mmoja ambaye mumewe alichukuliwa na watu waliokuja kwa magari mawili. Baada ya tukio hilo, kwa miezi mingi, gari moja liliegeshwa kila jioni mkabala na nyumba yake, likiwa na wanaume wawili ndani ambao hawakuwahi kushuka wala kumsemesha. Alinisimulia kwa alasiri tatu. Alinieleza jinsi alivyojifunza kutembea bila kugeuka nyuma, jinsi alivyoacha kuimba jikoni ingawa hakuna aliyemkataza, na jinsi alivyoanza kufunga pazia la sebuleni saa 12:40 kila jioni, bila kukosea hata dakika, ili walio nje wasije wakaona badiliko lolote la kuwafanya washuke garini. Nilimrekodi kwa saa tano hivi. Alitia sahihi karatasi ya idhini, nikaahidi kubadilisha jina lake, nikalibadilisha, na nikaamini kwamba wajibu wangu kwake ulikuwa umekwisha.

Miezi ya kujenga siisimulii, maana haina funzo. Nilichojenga kilikuwa ushoroba mwembamba wenye giza, kamera nne darini, na skrini moja mwishoni ambayo ilimwonyesha mgeni mgongo wake mwenyewe kama ulivyokuwa sekunde nane kabla. Ukiinua mkono, uliuona ukiinuka baadaye. Ukigeuka kumtafuta anayekutazama, ulijiona bado unatembea kuelekea mbele. Sauti ya mama yule ilitoka katika spika zilizofichwa ukutani. Usiku wa ufunguzi watu walitoka wakiwa wamenyamaza, wengine wakishika vifua vyao, na gazeti moja liliandika kwamba ni kazi ya lazima kutazamwa. Nilijivuna, na hadi leo nasema bila kusita kwamba ushoroba ule ulijengwa vizuri, kwa vipimo na kwa subira ambayo si kila msanii anayo.

Jioni ya tatu mama alikuja pamoja na binti yake. Nilikuwa nimemwalika mwenyewe, lakini sikuwa nimemwambia habari za kamera, kwa sababu nilitaka aone kazi kama wageni wengine walivyoiona. Hakumaliza dakika mbili ndani. Alipotoka hakupaza sauti, aliomba maji, akanywa nusu ya glasi, kisha akaniambia, "Mwanangu, wale walikaa nje ya nyumba yangu. Wewe umeniingiza ndani, ukanifungia na sauti yangu mwenyewe." Akamshika binti yake mkono wakaondoka.

Usiku huohuo nilimwomba msimamizi wa maonyesho afunge chumba kile. Alikataa, akanikumbusha mkataba na foleni iliyokuwa inarefuka kila siku. Nilizima kamera kwa mikono yangu, lakini sauti iliendelea kusikika kwa siku tisa zilizobaki, na siku hizo tisa sijapata namna ya kujisamehe. Baadaye mhakiki mmoja aliniita mchuuzi wa machozi ya wenzake. Neno hilo liliniuma na bado linaniuma, kwanza kwa sababu aliyeliandika hakuniuliza chochote, na pili kwa sababu alikuwa karibu sana na ukweli.

Sasa nije kwako, kijana wangu, na kwa wote wenye kamera mikononi. Kabla hujaielekeza kamera kwa mtu, jiulize ni nani kati ya watakaoingia tayari amekwisha kufuatiliwa maishani mwake, halafu ukamuulize. Mwaka 2002 Hasan Elahi, msanii wa Marekani aliyezaliwa Bangladesh, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Detroit kwa sababu ya taarifa ya uongo kwamba alikuwa ameficha vilipuzi, na akahojiwa kwa miezi kadhaa hadi alipoonekana hana hatia. Kazi aliyoifanya kutokana na masaibu hayo ilimhusu yeye mwenyewe: alianza kupiga picha vyakula alivyokula, vitanda alivyolalia, vyoo alivyotumia na viwanja vya ndege alivyopitia, akaziweka zote kwenye intaneti pamoja na mahali alipo, hata habari zake zikawa nyingi kiasi cha kumlemea anayezitafuta. Msanii Ai Weiwei naye alishikiliwa na serikali ya China kwa siku 81 mwaka 2011, na mwaka uliofuata akaweka kamera ndani ya nyumba yake mwenyewe, hadi juu ya kitanda chake, ili dunia nzima imtazame. Mamlaka zilimwamuru azizime kabla hazijafikisha juma moja. Wote wawili walianza na miili yao. Mimi nilianza na mwili wa mtu mwingine.

Nakumbuka nilijitetea kwa kumtaja Tania Bruguera, msanii wa Kuba, ambaye mwaka 2008 aliwaleta askari wawili wa farasi katika jumba la sanaa la Tate Modern, London, wakawasukuma na kuwaelekeza wageni kwa mbinu zilezile zinazotumiwa kutawala umati. Nilisema kwamba ikiwa yeye aliweza kuwatia wageni hofu kidogo ili waielewe dola, kwa nini mimi nisiweze? Utetezi huo haukusimama. Farasi wale walionekana wazi mbele ya kila mtu, na hapakuwa na shahidi ambaye maisha yake yaligeuzwa kuwa kitisho dhidi yake. Kamera zangu zilifichwa, na shahidi nilikuwa naye, tena kwa mwaliko wangu.

Kuhusu picha za maiti nitakuwa mkali zaidi. Alfredo Jaar, mzaliwa wa Chile, alifika Rwanda mwezi Agosti 1994 na kurudi na maelfu ya picha. Mwaka uliofuata alipozionyesha, aliziweka ndani ya masanduku meusi yaliyofungwa, na juu ya kila kifuniko akaandika maelezo ya picha iliyomo. Mgeni aliinama, akasoma, na akalazimika kuiona picha kwa akili yake mwenyewe. Katika kazi nyingine alisimulia habari za mwanamke aliyeshuhudia mumewe na wanawe wawili wakiuawa katika kanisa la Ntarama, na alichotuonyesha ni macho ya mwanamke huyo peke yake. Picha ya mwili uliokatwakatwa tungeitazama kwa sekunde chache na kugeuza uso, huku tukijipongeza kwamba tumesikitika. Macho yale hayatupi nafasi ya kugeuza uso, kwa sababu nayo yanatutazama.

Doris Salcedo wa Kolombia aliketi na jamaa za waliopotezwa, wakampa viatu, hasa vya wanawake. Aliviweka katika vishubaka vilivyotobolewa ukutani, akaziba kila shubaka kwa utando wa kibofu cha ng'ombe, na kuushonea ukutani kwa uzi mweusi wa kushonea vidonda. Unapokaribia unaona kiatu kwa ukungu tu, kama kitu unachokikumbuka vibaya. Mwaka 2002, miaka 17 baada ya umwagaji damu katika Jumba la Haki, jengo la mahakama kuu huko Bogotá, aliteremsha viti vitupu 280 hivi kwenye kuta za jumba hilo, kimoja baada ya kingine, kwa saa 53, kuyakumbuka mapigano yaliyotokea hapo Novemba 1985. Hakuna tone la damu katika kazi hizo mbili, na sijui msanii aliyenifundisha zaidi kuhusu kifo.

Nawasikia wale watakaosema kwamba damu nayo ina haki ya kuonekana, na hoja hiyo siidharau. Msanii Regina José Galindo alitembea katika jiji la Guatemala mwaka 2003 akiwa amebeba beseni la damu ya binadamu, akichovya miguu na kuacha nyayo kutoka Mahakama ya Katiba hadi Ikulu ya zamani, kupinga kugombea urais kwa jenerali aliyetawala nchi katika miaka ya mauaji makubwa. Teresa Margolles mwaka 2009 aliwakilisha Meksiko katika maonyesho ya sanaa ya kimataifa huko Venice, Italia, kwa sakafu zilizopigwa deki kila siku kwa maji yaliyochanganywa na damu ya waliouawa, na waliopiga deki walikuwa jamaa za wafu. Lakini tazama vizuri walichofanya. Hawakuonyesha mwili hata mmoja. Galindo alitumia nyayo zake mwenyewe, na kule Venice wafiwa wenyewe ndio walioshika kazi. Kama huna jambo la namna hiyo, kama ulichonacho ni picha tu uliyopewa na mtu wa chumba cha maiti, iache.

Kosa langu jingine lilikuwa la kisanaa, na nililitambua baadaye kabisa. Skrini yangu ilimthibitishia mgeni kwamba anatazamwa, ilhali gari lile halikumthibitishia mama chochote. Hakujua kama wanaume wale walikuwa macho au wamelala, kama wanaandika au wanapiga soga, na hakujua hata kama walikuwa wamekuja kwa ajili yake. Mwingereza Jeremy Bentham alilielewa jambo hili mwishoni mwa karne ya 18 alipobuni gereza la duara lenye mnara katikati: mfungwa haoni kama mlinzi yumo mnarani, kwa hiyo anajichunga saa zote, na mnara hufanya kazi hata ukiwa mtupu. Hofu ya kisiasa hukaa katika kutojua huko, kisha huhamia kwenye mazoea ya mtu, kwenye wimbo unaokatishwa jikoni na pazia linalofungwa kwa dakika maalumu. Mama alinipa yote hayo mkononi, nami nikayapita kwenda kununua kamera.

Msanii Mona Hatoum aliyapata kwa vifaa vichache mno. Katika kazi yake ya mwaka 1992 alipanga makabati ya wavu wa chuma, akaning'iniza balbu moja katikati inayopanda na kushuka polepole, na vivuli vya wavu vikawa vinatembea kutani hata anayeingia anahisi sakafu inayumba. Lawrence Abu Hamdan, msanii wa sauti, alipowahoji walionusurika katika gereza la Saydnaya nchini Siria, ambako wafungwa walikaa gizani na kukatazwa kutoa sauti, aliwapigia mlio mmoja na kuwaomba wamwambie ulingane vipi na mnong'ono waliothubutu kunong'onezana. Aligundua kwamba baada ya mwaka 2011 mnong'ono huo ulishuka kwa desibeli 19, yaani vipimo 19 vya ukubwa wa sauti. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, nikifikiria spika zangu na jinsi nilivyoongeza sauti ya mama hadi ikajaa ushoroba mzima.

Mwaka mmoja baada ya maonyesho yale nilikwenda kwake bila kinasa sauti. Nilimwomba radhi, akanisikiliza, na nilipomweleza wazo jipya alinikatalia sauti yake moja kwa moja lakini akaniruhusu kutumia pazia. Maonyesho ya pazia hilo yalifungwa mwezi uliopita: chumba kimoja, kiti, dirisha, na pazia linalojifunga lenyewe saa 12:40 jioni, baada ya hapo hakuna linalotokea. Hakukuwa na foleni na gazeti halikuandika. Hata hivyo kila jioni kulikuwa na watu waliobaki kwenye kiti dakika nyingi baada ya pazia kufungwa, wakisikiliza nje, na hiyo ndiyo kazi yangu ninayoithamini kuliko zote.

Kwa hiyo rudi kwa wafiwa wako, kijana. Wape wasikie na waone kila kitu kabla ya mtu mwingine yeyote, uwaambie kamera ziko wapi, na uwaandikie kwamba wanaweza kujiondoa hata saa moja kabla ya mlango kufunguliwa. Haki hiyo iingie pia katika mkataba wako na ukumbi, ili usije ukaambiwa habari za foleni kama nilivyoambiwa mimi. Waulize, kisha uwaulize tena wakiwa wametulia, maana mtu mwenye majonzi hukubali mambo ambayo asubuhi yake asingeyakubali.

Mama hakuja kuliona pazia. Binti yake alikuja peke yake siku ya mwisho, akakaa mpaka lilipofungwa, kisha akanyanyuka na kulishika kwa vidole viwili. Akaniambia kwamba la nyumbani lilikuwa zito zaidi. Nilimkabidhi bahasha yenye rekodi zote za zile saa tano, pamoja na nakala niliyokuwa nimejiwekea, akaitia mkobani akaenda nayo kwa mama yake.