Kabla ya Kuinua Pikapu, Pima Nafasi ya Mkono wa Juu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kitale aliniandikia akitaka kujua azungushe boliti za toshenibaa (fito za chuma zinazobeba uzito wa mbele badala ya springi) mara ngapi ili pikapu yake ya Isuzu D-Max isimame juu kama zile anazoziona mjini. Swali hilo lilinitonesha, kwa kuwa ndilo nililomuuliza fundi mmoja hapa Nakuru, naye akanijibu kwamba atazungusha mpaka niridhike.

Yangu ni D-Max ya mwaka wa 2008 inayovuta kwa magurudumu yote manne, nayo ndiyo inayonilisha kwa kuteremsha viazi kutoka Mau Narok, ambako mvua ikinyesha tumbo la gari hukwaruza tope katikati ya njia. Fundi aliinua mbele kwa sentimita 8, nami nikarudi nyumbani kifua mbele. Baada ya miezi minne boljointi za juu (viungo vya duara vinavyounganisha gurudumu na mikono yake) zilikuwa zimelegea pande zote mbili, matairi yamelika upande mmoja, na ndani ya rimu ya kushoto kulikuwa na mchirizi mweusi wa grisi, kwa sababu mpira wa sivijointi (kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu) ulikuwa umepasuka. Fundi alisema kosa ni la barabara. Sikukubali siku ile, na hadi leo sikubali.

Nilipolala chini ya gari nikaona mwenyewe kwamba kati ya mkono wa juu (chuma kinachoshikilia gurudumu kwa upande wa juu) na kile kizuizi cha mpira kinachouzuia usishuke kupita kiasi hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kidole. Toshenibaa ikikazwa haiwi chuma kigumu zaidi. Inapandisha gari tu, huku ikila ile nafasi ambayo gurudumu lingeitumia kushukia shimoni. Kila shimo linapokuja, mkono hugonga kizuizi, na boljointi, bushi na tairodi (fito za usukani), ambazo tayari zimekaa kwa pembe kali, hupokea kishindo hicho. Wanaosema gari lao limekuwa gumu baada ya kuinuliwa wanakisikia kishindo hicho bila kukijua.

Nilianza upya kwa subira. Nilipiga jeki hadi magurudumu yakaacha ardhi, kwani boliti hizo hazifai kuzungushwa zikiwa zimebeba uzito, nikatia alama za rangi, nikalegeza, kisha nikaendesha kidogo ili gari likae ndipo nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Nilibaki na ongezeko la sentimita 4 peke yake, na kidole kikapita. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) hufanywa baada ya urefu kukamilika, kamwe si kabla, na ni lazima ifanywe. Anayetaka kupanda zaidi ya hapo anunue mikono ya juu iliyotengenezewa gari lililoinuliwa pamoja na shokamzoba ndefu zaidi, na ateremshe difu ya mbele (gia inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ili ekseli zisipinde mno. Asiye na fedha za vitu hivyo aache gari lilivyo, kwa maana familia yake ndiyo itakayolipa.

Mdogo wangu wa Kitale, siwezi kukupa idadi ya mizunguko, kwa kuwa toshenibaa za magari mawili hazichoki sawasawa. Ingia chini ya gari kabla hujashika spana, ujaribu kupitisha kidole kati ya mkono wa juu na kizuizi chake. Kisipopita, huenda lilishainuliwa kabla hujalinunua.